Land Rover Kuukuu Uani: Nunua Mifupa, Usinunue Ngozi



Mazungumzo ya jioni kambini na katika nyumba za polisi hayakosi kugusa habari ya magari ya zamani. Mtu aliyekaribia kustaafu humwambia mwenzake kwamba ameiona Land Rover nyuma ya ghala mjini Mbarara, imesimama juu ya mawe, na mwenyewe yu tayari kuiuza kwa bei nafuu. Mwenzake humtia moyo. Lakini mama wa nyumba, akisikia habari hiyo, aghalabu hunyamaza, na kimya chake kina sababu: fedha inayotajwa ni ile ile ya karo za watoto na ya mabati ya nyumba. Juma hili twataka kusema na wote wawili, baba na mama, maana gari kuukuu likiisha kuingia uani huwa ni shauri la nyumba nzima.

Neno letu ni moja. Gari la namna hii halinunuliwi kwa uzuri wa rangi wala kwa mlio wa injini. Hununuliwa kwa uzima wa mifupa yake na kwa uhalali wa karatasi zake. Vitu vingine vyote vyaweza kutengenezwa kidogo kidogo, mshahara baada ya mshahara.

KWA NINI LAND ROVER

Wapenzi wa magari ya zamani ya Kiingereza husifu zaidi yale madogo ya mbio, kama MG na Triumph. Ni magari mazuri, hatukatai. Lakini MGB, mathalani, iliyotengenezwa Abingdon, Uingereza, tangu mwaka 1962 hadi 1980, haina chasisi ya peke yake. Bodi lenyewe ndilo linalobeba uzito wote. Vizingiti vya chini ya milango vikiliwa na kutu, gari hulegea katikati, na kuliponya kwahitaji karakana yenye vyuma vya kulishikilia lisipinde. Tena gari hilo limelala chini mno kwa barabara ya vumbi na mawe kama zile za kuzunguka Nakivale.

Land Rover yatoka nchi ile ile, lakini iliumbwa kwa kazi nyingine. Ilionyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Wakati ule, baada ya Vita Kuu ya Pili, chuma kilikuwa kikitolewa kwa kipimo huko Uingereza. Kwa hiyo kiwanda cha Rover kilitumia aluminiamu kwa bodi, na chuma kwa chasisi. Sehemu nyingi za bodi hilo zimefungwa kwa bolti. Ndiyo maana mtu mwenye seti ya spana, jeki na subira aweza kuifungua karibu yote uani mwake. Toleo liitwalo Series III, lililotengenezwa tangu 1971 hadi 1985, lamfaa zaidi anayeanza, kwa kuwa gia zake zote za mbele huingia kwa ulaini. Katika matoleo yaliyotangulia, gia ya kwanza na ya pili zadai ustadi wa mguu.

Wala mtu asidhani kwamba gari lililokwisha tumika ni gari la aibu. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, na kwa miaka mingi yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya, pamoja na ndugu yake Jaswant, walishinda mashindano hayo kwa Volvo ambayo haikuwa mpya, bali ilikuwa imekwisha tumika. Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva mashuhuri. Heshima ya gari kuukuu hutoka kwa yule anayelijua.

MIFUPA KWANZA

Nenda kulitazama gari mchana, pakiwa pakavu. Chukua nyundo ndogo, tochi, bisibisi, sumaku, na gunia la kulalia. Mwenye gari akikataa usiingie chini ya uvungu, mshukuru kwa muda wake urudi nyumbani.

Kwanza, igonge chasisi taratibu toka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Chuma kilicholiwa na kutu hutoa sauti nzito iliyokufa. Chasisi ya Land Rover ni mfano wa sanduku refu lililo wazi ndani, na matope yakiingia humo hukaa na unyevu wake, kutu ikala toka ndani kwenda nje. Tazama hasa boriti ya nyuma, mikono inayotoka ubavuni kubeba bodi, na mahali springi zinaposhikwa. Pitisha sumaku juu ya chuma kilichopakwa rangi mpya. Mahali isiposhika, hapo pamefunikwa kwa puti, na aliyefunika alikuwa na la kuficha.

Pili, tazama ukuta wa chuma ulio baina ya injini na dereva. Inua mikeka, uchokoe kwa bisibisi mahali miguu inapokaa na nguzo zinazoshika bawaba za milango. Maji ya mvua hujikusanya hapo.

Tatu, kagua kila mahali aluminiamu inapokutana na chuma. Metali hizi mbili zikigusana penye unyevu, aluminiamu ndiyo huliwa, nayo huacha unga mweupe. Unga kidogo si kitu. Tundu la kupitisha kidole ni gharama.

Nne na mwisho, injini. Wanunuzi wengi huanza hapa, na muuzaji mjanja hupenda iwe hivyo, kwani mlio mzuri huziba masikio. Injini iliyokufa yaweza kufufuliwa au kubadilishwa. Chasisi iliyooza ni mlango wa kuondokea. Yatosha kujua kama injini huzunguka kwa hendeli, kama maji yake hayana mafuta, na kama oili yake haijawa nyeupe kama maziwa.

KARATASI

Gari lisilo na kadi si gari, ni chuma chakavu. Linganisha namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma na ile iliyoandikwa kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu, na hali kadhalika namba ya injini. Jina la anayeuza liwe ndilo lililo kwenye kadi. La sivyo, ataka kukuuzia asichomiliki. Hakikisha kwa mamlaka ya usajili kwamba gari halidaiwi wala halitafutwi, na lipa fedha baada ya hapo, mbele ya mashahidi.

Likiwa gari lililoondolewa katika kazi ya serikali, dai hati za mnada. Jambo hili lawahusu mno askari na polisi, kwani mtu wa mtaani akikutwa na gari lenye mashaka huulizwa maswali, bali afande akikutwa nalo huulizwa na kazi yake pia. Kwa sababu hiyo hiyo, rangi ya jeshi iachieni jeshi. Ukibadili rangi au injini, badiliko hilo liandikishwe.

Kumbukeni tena kwamba sheria iliyopitishwa Uganda mwaka 2018 ilizuia kuingiza nchini gari lililozidi miaka 15 tangu kutengenezwa. Kwa hiyo asije mtu akakuahidi kukuletea Land Rover ya zamani kutoka ng’ambo ukampa fedha ya mbele. Litafute lililomo nchini lenye kadi yake.

MPANGO WA KAZI

Gari likiisha kufika, tamaa ya kwanza ni kulipaka rangi. Tamaa hiyo ishindwe. Mpango mwema ni huu: chasisi, kisha breki na stelingi, kisha nyaya za umeme, kisha injini, na rangi iwe ya mwisho. Gari linalokwenda lakini halisimami ni hatari kwa watoto wanaocheza uani.

Katika breki, badilisheni mipira yote ya ndani, na tumieni mafuta ya breki pekee. Oili ya injini ikiingia humo huivimbisha mipira, na breki hushindwa siku mnayoihitaji. Vumbi lililomo ndani ya ngoma za breki za zamani lisipulizwe kwa mdomo wala kwa upepo wa pampu, kwa maana breki za miaka ile zilikuwa na asbesto, ambayo huharibu mapafu. Lowesheni kwa maji, futeni kwa kitambaa, na kitambaa kitupwe kikiwa kibichi ndani ya mfuko uliofungwa. Watoto wakae mbali.

Katika umeme, angalieni kabla ya kufunga betri. Magari mengi ya Kiingereza ya kabla ya 1967 hivi, Land Rover na MG pia, yalifungwa ncha chanya kwenye bodi, kinyume cha desturi ya leo. Anayefunga betri kwa mazoea aweza kuunguza vifaa kwa dakika moja.

Kabla ya kuchomelea chuma chochote, tangi la petroli liondolewe lipelekwe mbali, na betri ifunguliwe. Katika Land Rover nyingi tangi hilo limo chini ya kiti, karibu kabisa na mahali panapochomelewa. Kulimwaga tu hakutoshi, kwani mvuke uliobaki huwaka upesi kuliko petroli yenyewe.

Katika injini ya petroli ya lita 2 na robo, nafasi ya valvu ni milimeta 0.25, na nafasi ya pointi za distributa ni baina ya milimeta 0.35 na 0.40. Injini hizo zilibuniwa zama za petroli yenye risasi, na petroli hiyo iliondolewa katika nchi zetu za Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa mwaka 2006. Hivyo silinda hedi ikifunguliwa, fundi aulizwe juu ya kuweka viti vya valvu vya chuma kigumu. Oili chafu isimwagwe penye mtaro uendao mto Rwizi, wala karibu na ziwa Nakivale. Maji hayo ndiyo yanayonywewa na watu na ng’ombe.

FUNDI NA LUGHA YAKE

Makazi ya Nakivale, wilayani Isingiro, yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda, na leo yana watu kutoka Kongo, Burundi, Somalia na kwingineko. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 yawaruhusu kufanya kazi. Miongoni mwa watu waliokimbia vita wamo mafundi waliokwisha kutengeneza magari mazito katika barabara mbaya kuliko zetu, na fundi wa namna hiyo ni hazina kwa mwenye gari kuukuu.

Lakini sikilizeni lugha. Fundi aliyekulia Bukavu au Goma huenda akaita plagi buji, usukani volani, breki freni, petroli esanse, na injini motere. Msicheke, wala msijibu ndiyo kwa jambo msilolielewa. Twaeni kifaa mkononi, mkubaliane jina lake, kisha andikeni orodha ya vipuri kabla ya mtu kupanda gari kwenda Mbarara kuvinunua. Kipuri kisichofaa hupoteza nauli mara mbili.

Mapatano nayo yaandikwe: kazi gani, kwa bei gani, na kwa siku ngapi. Mlipeni fundi kila hatua inapokwisha, wala msimcheleweshee ujira kwa kuwa ni mgeni. Asiye na ndugu wa kumtetea hutegemea uungwana wa mwenye kazi, na sare ya afande isigeuke kuwa sababu ya kumnyima haki yake.

FEDHA YA NYUMBA

Kabla ya kununua, baba na mama waketi na daftari. Fedha iliyopo igawanywe mafungu matatu: la kununulia, la chasisi na breki, na la injini na umeme. Ikiwa fungu la kwanza lameza yote, gari hilo ni ghali hata kama bei yake ni ndogo. Mikopo ya ushirika, iwe ya Wazalendo kwa wanajeshi au ya Exodus kwa polisi, yafaa zaidi kwa ardhi, nyumba na karo. Gari lililofunguliwa halizai kitu, ilhali mkopo hukatwa kila mwezi.

Pimeni pia litakachokula likipona. Injini ile ya petroli hutumia takriban lita moja kwa kila kilometa 6 au 7. Safari ya kilometa 60 itakunywa lita 9 au 10. Likibeba matoke na maharage ya Isingiro kwenda soko la Mbarara laweza kujilisha. Likiwa la kutembelea tu, nyumba ndiyo italilisha.

Mwisho, wekeni siku. Semeni: hatua hii isipokwisha kabla ya muhula fulani wa shule, twauza lilivyo. Si haya kuuza gari ambalo halijakamilika. Chasisi nzima yenye kadi halali haikosi mnunuzi. Haya ni kuku kutagia chini ya usukani miaka kumi, na mtoto kurudishwa nyumbani kwa ajili ya karo.

Basi afande, ukienda kulitazama gari lile nyuma ya ghala, mchukue na mama watoto. Wewe utagonga chasisi, naye asome kadi. Nyote wawili mkiridhika, nunueni. Mmoja akisita, rudini nyumbani, chuma kitangoja.

Hadi juma lijalo, kwaherini.