Kulitilia Jua Kivuli: Ni Nani Mwenye Idhini?

Miongoni mwa mijadala mizito ya zama hizi ni ule wa wataalamu wanaotaka kulipunguza joto la dunia kwa kuikinga na mwanga wa jua. Rai yenyewe ni ndege zirushe chembechembe za salfa juu kabisa angani, ili sehemu ndogo ya miale irudishwe kabla ya kufika ardhini.

Rai hii ina msingi. Mwezi Juni 1991 mlima Pinatubo, nchini Ufilipino, ulilipuka na kutupa angani gesi ya salfa tani milioni 15 hadi 20 hivi. Mwaka uliofuata wastani wa joto duniani ulishuka kwa karibu nusu ya nyuzi moja ya Selsiasi. Basi suali letu si kama dawa hiyo inapoza. Suali ni itamdhuru nani, na ni nani aliyepewa idhini ya kuinywesha dunia nzima?

Mwaka 2013 Jim Haywood wa Uingereza na wenzake walionyesha kwamba, baina ya 1900 na 2010, misimu mitatu kati ya minne iliyokuwa mikavu kuliko yote katika ukanda wa Sahel ilitanguliwa na milipuko mikubwa ya volkano kaskazini mwa dunia. Maana yake, salfa ikirushwa upande wa kaskazini peke yake, huenda mfugaji wa Mali au Niger akakosa mvua kwa ajili ya ubaridi wa wengine.

Tena, kivuli hakiondoi maradhi. Hewa ya ukaa itaendelea kurundikana, na maji ya bahari yatazidi kuwa na tindikali. Na urushaji ukikatizwa ghafla, kwa vita au ufukara, joto lililozuiliwa litarejea kwa kasi.

Wenye rai hiyo hujibu kwamba joto tayari linaua, na mataifa makubwa yamechelewa kupunguza moshi wao. Hoja hiyo ni ya kusikilizwa. Lakini wanavyuoni wa fiqhi wametufunza kwamba dhara haiondolewi kwa dhara iliyo mfano wake. Sembuse kuihamishia kwa jirani asiyeshauriwa!

Mapema mwaka 2024, katika Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa mjini Nairobi, nchi za Afrika zilitaka njia hii isitumike, kama mawaziri wao walivyoamua Addis Ababa mwaka 2023. Uswisi, iliyokuwa imeleta pendekezo la kulichunguza jambo hili, ililiondoa kwa kukosekana mwafaka. Mwaka 2025 taasisi ya ARIA ya Uingereza ikatangaza takriban pauni milioni 57 za utafiti, yakiwemo majaribio madogo ya nje. Fedha zimetangulia, sheria imebaki nyuma.

Kwa maoni yetu, elimu isizuiwe, ila asiruhusiwe yeyote kuigeuza hali ya hewa kabla ya walimwengu kushauriana. Wahenga walisema, kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Basi na kuuzima ni kwa kila taifa kuondoa kinga lake, wakianza wenye vinga vikubwa.

Wabillahi tawfiq.