Pink na Floyd Walikuwa Watu

Anayesimulia jinsi bendi za roki zilivyopata majina, mara nyingi husimulia mzaha. Led Zeppelin ni utani kuhusu puto la risasi litakaloanguka. Black Sabbath ni filamu ya kutisha ya mwaka 1963. Tunacheka, tunapita. Sina ugomvi na hayo, maana puto na filamu havidai kitu. Jina la mtu ni jambo jingine.

Mwaka 1965, kijana wa Kiingereza Syd Barrett aliunganisha majina ya wanamuziki wawili weusi wa bluzi: Pink Anderson wa South Carolina na Floyd Council wa North Carolina. Aliyakuta kwenye maelezo ya jalada la santuri ya Blind Boy Fuller. Anderson alitumia miaka mingi akizunguka na wauza dawa, akiimba ili watu wakusanyike na kununua. Mwaka 1973 Pink Floyd walitoa The Dark Side of the Moon, albamu iliyokaa kwenye chati ya Marekani zaidi ya wiki 700. Anderson alifariki mwaka uliofuata, Council mwaka 1976. Hadi leo wapo mashabiki wanaodhani Pink Floyd ni rangi na neno lisilo na maana.

Utaniambia ile ilikuwa heshima, tena jina la mtu halina hatimiliki. Kisheria, sawa. Lakini Kiswahili kina neno somo. Ukichukua jina la mtu mmekuwa masomo, na somo hujuliwa hali. Heshima isiyomjua anayeheshimiwa ni pambo tu.

Wala usiseme vijana wa wakati ule hawakuweza kufanya zaidi. Rolling Stones walitoa jina lao kwenye wimbo wa Muddy Waters. Mwaka 1965, walipoalikwa kwenye kipindi cha televisheni cha Shindig! huko Marekani, walitaka mzee mwingine wa bluzi, Howlin' Wolf, naye apewe jukwaa. Akaimba, wao wakiwa wameketi wanamtazama. Hawakulipa deni lote, ila walionyesha wanajua wanadaiwa.

Fulana za Pink Floyd zimejaa vyuoni kwetu. Zivae. Lakini Anderson alirekodi tena mwanzoni mwa miaka ya 1960, na rekodi hizo zipo. Zisikilize kabla hujanisimulia tena jinsi jina hilo lilivyopatikana.