Gesi ya Friji Haiishii Bandarini

Ukitoka Tegeta, Dar es Salaam, kuelekea Bunju kwa Barabara ya Bagamoyo, utaona Boko inavyobadilika kwa kuangalia kuta tu: nyumba mpya nyingi zina kiyoyozi kinachoning'inia nje. Joto la pwani ni lile lile la siku zote, lakini watu wamepata kipato kidogo, na umeme wa gridi umeongezeka tangu Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115 lianze kuzalisha. Kwenye vibanda kuna friji za soda, buchani kuna majokofu, na wauza samaki nao hawakosi yao. Kila kimoja kina gesi ndani yake, na gesi hiyo ndiyo Serikali imejifunga kuidhibiti.

Gesi za zamani, R-12 na wenzake, zilikuwa zinatoboa tabaka la ozoni. Itifaki ya Montreal ya 1987, ambayo Tanzania ilijiunga nayo mwaka 1993, ilizifukuza sokoni, na kwa maoni yangu hakuna mkataba wa mazingira uliofanya kazi vizuri kuliko huo. Zilizorithi nafasi yake, R-134a ya friji na magari na R-410A ya viyoyozi, haziigusi ozoni, lakini zina joto lake. Kilo moja ya R-410A ikiachiwa hewani, kwa hesabu ya miaka 100, huongeza joto sawa na kilo 2,088 za kaboni dioksaidi. Ndiyo maana Oktoba 2016 mataifa yalikubaliana Kigali kuzipunguza nazo. Kundi la nchi zinazoendelea ambamo Tanzania imo lilitakiwa kusimamisha ongezeko mwaka 2024, kisha lipunguze asilimia 10 ifikapo 2029 na asilimia 80 ifikapo 2045. R-22, gesi ya viyoyozi vya zamani, ina ratiba yake kali zaidi: ifikapo 2030 inabaki kiasi kidogo tu cha kuhudumia mashine zilizopo.

Kwenye karatasi mpango huu ni safi. Sasa mtazame fundi wa kando ya barabara. Friji imeletwa kwa bajaji, haigandishi. Anaigeuza, anakata kimrija cha kujazia kwa koleo, gesi inatoka kwa mlio mfupi pamoja na matone ya oili ya kompresa. Anachomelea palipovuja, anafunga geji, anajaza upya. Hakuna anayemlaumu, wala mimi simlaumu. Mashine ya kuvuta gesi ya zamani na kuihifadhi kwenye mtungi ni ghali, na mteja anayebishania bei ya kujaza gesi hatalipia kazi ambayo haimletei ubaridi wa ziada.

Kanuni zetu chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kuanzia zile za 2007, zimeelekeza macho zaidi kwenye uingizaji. Ni sawa, kwa sababu hatutengenezi gesi hizi. Kila kilo inaingia kutoka nje. Lakini pia huingia ndani ya mashine. Ripoti ya mwaka 2020 ya mashirika ya CLASP na IGSD, iliyochunguza nchi kumi za Afrika ikiwemo Tanzania, iligundua kwamba zaidi ya theluthi ya viyoyozi vipya vilivyouzwa vilikuwa vya ufanisi duni. Vingine vilikuja na R-22. Ongeza friji za mtumba, na magari ya mtumba kutoka Japani yenye R-134a, uone mzigo tulioupokea.

Wapo wanaosema mchango wetu kwenye joto la dunia ni mdogo, kwa nini mwenye kibanda Boko abebe gharama? Hoja hiyo ina uzito, ila inamuumiza yule yule inayemtetea. Gesi inayopunguzwa hatua kwa hatua hupanda bei. Tajiri atabadilisha AC, na aliyenunua ya bei nafuu yenye R-22 atabaki akitafuta gesi isiyopatikana, huku mashine yake ikila umeme. Kuiruhusu mashine kama hiyo ipite bandarini ni kumbebesha deni bila kumwambia.

Mbadala upo. Friji nyingi mpya zina R-600a, na nyuma zimebandikwa pembetatu ya njano yenye mwali wa moto. Gesi ya viyoyozi vya R-32 ina kipimo cha kuongeza joto, kwa hesabu ile ile ya kaboni dioksaidi, cha 675, na R-290, ambayo ni propani, kipimo chake ni takriban 3. Tatizo ni kwamba propani inalipuka. Fundi aliyezoea kuchomelea mrija wenye mabaki ya gesi akifanya hivyo kwenye R-290 anaweza kuunguza banda lote. Hatari zaidi ni kuijaza kwenye AC iliyotengenezwa kwa ajili ya R-22, na fundi anayebanwa na bei atashawishika.

Kwa hiyo ningependa vituo vya mafunzo ya ufundi vya VETA, kama kile cha Chang'ombe, vifungue kozi fupi za jioni na Jumamosi kwa mafundi wenye vibanda, kwani hawawezi kufunga kazi miezi mitatu. Muuzaji wa mitungi ya gesi alazimishwe kupokea gesi chakavu, na mashine za kuivuta zikodishwe kwa siku katika maduka hayo hayo. Mfuko wa Itifaki ya Montreal umekuwepo tangu 1991 kusaidia nchi kama yetu, na Ofisi ya Makamu wa Rais ndiyo inayoratibu masuala ya ozoni. Mipango inayopelekwa kwenye mfuko huo inapaswa kuwa na kipengele cha vibanda, tena chenye fedha, kabla ya punguzo la 2029 kuanza kubana.