Gari la wagonjwa lisiwe la kuazima siku ya mechi

KANUNI za ligi yetu zinataka gari la wagonjwa liwepo uwanjani kabla ya filimbi ya kwanza. Lisipokuwepo, hakuna mechi. Kanuni ni nzuri, hatuna ugomvi nayo. Ugomvi wetu uko kwenye swali ambalo mashabiki wengi hatujiulizi: lile gari linatoka wapi?

Klabu zenye uwezo zinakodi. Nyingine, hasa huku mikoani, zinakwenda kuomba hospitali ya wilaya au kituo cha afya, na zinapewa kwa sababu mpira ni wetu sote. Lakini kwa saa mbili na ushei ambazo gari limeegeshwa nyuma ya goli, mama mwenye uchungu kijijini anatafutiwa bajaji. Na tusidanganyane, si ajabu kukuta ndani ya gari hilo kuna kitanda, king’ora na dereva, basi. Mashine ya kushtua moyo hakuna.

Juni 12, 2021 dunia ilimuona Christian Eriksen akianguka Copenhagen, Denmark ikicheza na Finland. Moyo ulisimama. Madaktari wakamshtua kwa mashine palepale kwenye nyasi, na Februari 2022 alikuwa anacheza tena, safari hii na jezi ya Brentford. Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, moyo wake ulisimama dakika 78 mwaka 2012 akiwa na Bolton ugenini kwa Tottenham. Soka aliacha, lakini yupo hai. Wataalamu wanasema kila dakika inayopita bila moyo kushtuliwa inapunguza nafasi ya kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Sasa piga hesabu ya foleni ya Barabara ya Mandela siku ya Simba na Yanga.

Sisi tuna wetu. Desemba 2016 kijana Ismail Khalfan wa Mbao FC alianguka Kaitaba, Bukoba, muda mfupi baada ya kufunga bao dhidi ya Mwadui kwenye ligi ya vijana. Hakuamka. Hatusemi mashine ingemuokoa, hilo ni la madaktari. Tunachosema ni kwamba kila mchezaji anastahili kupewa nafasi aliyopewa Eriksen. Shabiki naye anastahili, maana Mei 2023, siku ya fainali ya Yanga na USM Alger, mwenzetu mmoja alipoteza maisha kwenye msongamano Uwanja wa Mkapa.

AFCON 2027 inakuja kwetu, Kenya na Uganda. CAF watakuja na masharti yao na magari yatapangwa mstari, hilo halitupi presha. Presha yetu ni siku wageni wakishaondoka.

Tumezoea gari la wagonjwa kukabidhiwa na mbunge, utepe unakatwa, picha zinapigwa. Baada ya hapo mafuta, matairi na posho ya dereva vinaachiwa halmashauri, na halmashauri nyingi zina njaa. Ndiyo maana tunataka huduma ya dharura iwe na fungu lake kwenye bajeti ya Serikali, linalojulikana na kila mtu, lenye mafuta na watu ndani yake.

Na wala hatuanzi sifuri. Mfumo wa m-mama upo: unapiga 115 bure, mjamzito au mtoto mchanga anatafutiwa gari, na la Serikali likikosekana anaitwa dereva wa mtaani aliyesajiliwa, analipwa kwa simu. Umeokoa watu. Kwa nini usipanuliwe ukamfikia na kijana aliyevunjika mguu mchangani, au mzee aliyezidiwa akiangalia mechi kibanda umiza?

Mtasema hela iko wapi. Sehemu ya kodi ya michezo ya kubashiri tayari inakwenda Mfuko wa Maendeleo ya Michezo. Kila wikiendi vijana wanasuka mikeka, na hata mkeka ukichanika, Serikali inapata chake. Kipande cha hela hiyo kinunue mashine za kushtua moyo kwa viwanja vyote vya Ligi Kuu na kifundishe watu wa kuzitumia, wakiwemo madaktari wa timu na waokota mipira. Gari na mafuta zibebe bajeti ya afya.

Waheshimiwa wabunge siku hizi hawakosi jukwaani, tena na jezi. Ukikaa naye karibu, muulize gari la wagonjwa la halmashauri yake lina mafuta ya siku ngapi.