Rozela Haiongezi Damu

Ukitoka Arusha mjini kwa barabara ya Namanga, ukaipita Ngaramtoni na kufika Oldonyo Sambu, upande ule mkavu wa Mlima Meru, jaribu kusema hadharani kwamba umepimwa ukakutwa na upungufu wa damu. Hutakosa daktari. Shangazi anajua dawa, kondakta anajua dawa, muuza mitumba naye anajua. Na dawa zao zote ni nyekundu: rozela iliyochemshwa mpaka ikakolea, juisi ya bitiruti, nyanya ya kopo. Wanaume huongeza mvinyo mwekundu wa Dodoma, dawa ambayo hata wasioumwa huinywa kwa bidii.

Imani yenyewe ni kwamba chekundu huzaa chekundu. Ni uongo, na unawaumiza zaidi wajawazito.

Wekundu wa damu hutokana na himoglobini, ambayo mwili hauwezi kuitengeneza bila madini ya chuma. Wekundu wa rozela hutokana na anthosianini, na anthosianini haina chembe ya chuma. Bitiruti nayo, gramu 100 zake hazifikishi hata miligramu moja ya chuma, wakati mjamzito anahitaji kama miligramu 27 kwa siku. Piga hesabu: ni zaidi ya kilo tatu za bitiruti kila siku, na hapo sijataja kwamba chuma kilichomo kwenye mimea mwili hukifyonza kwa shida, kingi kikatoka kama kilivyoingia.

Mtu atasema rozela ni ya asili, wazungu hawaijui. Basi tuwasikilize watafiti wa hapa hapa Tanzania, waliowapa watu wazima wa Mkuranga, mkoani Pwani, dondoo ya rozela na kuwalinganisha na wasiopewa. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2017: hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba inaongeza chuma mwilini. Kama kinywaji, rozela ni nzuri na mimi naipenda ikiwa baridi. Iuzwe kama kinywaji.

Kinachochekesha ni kwamba kipo kitu chekundu kilichofanya kazi kweli, na ndicho tunachokionea aibu. Bibi zetu wa Kimaasai na Kiarusha walimpa mzazi damu ya ng'ombe. Mililita moja ya damu ina karibu nusu miligramu ya chuma, tena cha aina ambayo mwili hukifyonza vizuri kuliko cha mboga. Bibi yule, bila maabara, aliukaribia ukweli kuliko muuza juisi wa leo. Sisemi turudi kwenye mshale na shingo ya ng'ombe. Damu mbichi ina hatari zake, na kimeta si ugeni huku kaskazini. Lakini maini yapo buchani. Dagaa wapo sokoni. Maharage na mchicha vipo, na vikiliwa pamoja na chungwa, embe au limau, vitamini C husaidia chuma chake kuingia mwilini.

Halafu tunaviharibu kwa chai. Kikombe cha chai kinachoshushia makande kinaweza kuzuia zaidi ya nusu ya chuma kisifyonzwe. Isubiri saa moja au mbili, haitakimbia. Maziwa pia, najua nagusa pabaya: yana vitamini B12 ambayo damu inaihitaji, ila chuma chake ni karibu na sifuri. Mtoto anayekuzwa kwa maziwa ya ng'ombe na uji mtupu atanenepa huku damu yake ikipungua. Na mama yake, katika maboma mengi, hupunguziwa chakula mimba inapokua ili mtoto asiwe mkubwa akashindwa kuzaliwa. Hapo glasi ya rozela itajaza pengo gani?

Takwimu za taifa za mwaka 2015 na 2016 zilionyesha kuwa asilimia 45 ya wanawake wenye umri wa kuzaa walikuwa na upungufu wa damu, na asilimia 58 ya watoto chini ya miaka mitano. Wote hawa hawaumwi kwa sababu moja. Mmoja ana minyoo ya safura inayomnyonya kimya kimya, mwingine anapata hedhi nzito, mwingine amezaa mfululizo bila kupumzika, mwingine amekosa foliki asidi, mwingine ana malaria au selimundu. Yule mwenye minyoo hata ukimlisha maini kila siku, utakuwa unawalisha minyoo.

Hata chuma chenyewe kinataka akili. Kule Pemba, utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba watoto wadogo waliopewa chuma na foliki asidi katika eneo lenye malaria nyingi walilazwa na kufariki zaidi kuliko wasiopewa, na ugawaji ukasimamishwa. Kwa hiyo anayemnunulia mtoto dawa ya maji ya kuongeza damu dukani bila kipimo, naye asijione mjanja kuliko mnywa rozela.

Kwa mjamzito mambo hayana utata. Shirika la Afya Duniani linapendekeza miligramu 30 hadi 60 za chuma kila siku pamoja na foliki asidi, na ndivyo vidonge vinavyotolewa kliniki. Ndiyo, vinachafua tumbo, vinatia choo weusi. Wengi huvificha chini ya godoro kwa sababu hiyo, kisha wakanunua rozela. Kama vinakusumbua, mwambie muuguzi, usivitupe.

Mama mkwe, wewe ndiye mwenye sauti nyumbani. Mkwe wako akirudi kutoka kliniki na habari ya damu ndogo, muulize ni ngapi. Ikiwa chini ya gramu 11 kwa desilita, ana upungufu. Muulize kama minyoo na malaria vimepimwa, mhimize ameze vidonge, na siku nyama ikifika nyumbani, mpe maini yeye kabla ya wanaume.