Niliingia Hekalu la Wahindu na Bado Niko Sawa

Wiki jana niliweka video ya hekalu la Swaminarayan pale Nairobi. Kufika Jumapili, mathe akavutwa kando baada ya ibada, akaulizwa mtoto wake anaabudu nini siku hizi. Alirudi nyumbani Katelembo kimya, akaniwekea chakula, lakini hakula na mimi. Hiyo iliniuma kuliko matusi yote mliyoniandikia.

Basi acha nijibu. Hii stori ilianza na Varanasi, mji wa hija wa Wahindu kule India. Nilikuwa nakesha nikitazama video za watu wakioga mto Ganges alfajiri, ngazi za mawe zikishuka hadi majini, maiti zikichomwa ukingoni huku ndugu wamesimama. Nikasema lazima nifike huko. Halafu nikajicheka. Msee, nauli ya Nairobi yenyewe naikopa!

Nikapanda mat hadi tao, nikatembea mpaka barabara ya Wangari Maathai, ile wazee bado wanaiita Forest Road. Hekalu lilifunguliwa 1999. Mawe yake ya manjano yalitoka Jaisalmer, yakachongwa na mafundi huko India, yakaletwa vipande vipande na kuunganishwa hapa. Nimepita hapo mara ngapi nikidhani ni jumba la tajiri fulani! Unavua viatu. Ndani hakuna kupiga picha, ndiyo maana video yangu ni ya nje tu. Na ukinyimwa kurekodi, unaanza kutazama. Mzee mmoja alikuwa ameketi sakafuni, macho yamefumbwa, midomo inacheza, vile tu susu huomba kabla ya kulala. Hakuna aliyeniuliza dini yangu. Hakuna aliyeniambia nisujudu.

Kumwona mtu akiomba si kuomba naye. Wahindi zaidi ya 30,000 waliletwa kujenga reli kati ya 1896 na 1901, na kama 2,500 walikufa (si wote walikuwa Wahindu, walikuwemo Masingasinga na Waislamu wengi). Mwaka 2017 serikali ikatangaza Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44. Chapati yao hatukosi Krismasi. Lakini mlango wao wa ibada tunauogopa kama una umeme.

Na tusijifanye woga huu ni wa Wahindi peke yao. Sisi Wakamba tulikuwa na mathembo, mahali pa kuombea mvua chini ya mumo, na mti huo haukuguswa. Susu bado hushusha sauti akipataja. Leo vijana wa rika langu wakisikia ithembo wanawaza uchawi, na mumo ukikatwa tunauliza tu makaa ni pesa ngapi. Wangari mwenyewe aliandika kwamba mamake alimkataza kuokota kuni za mugumo kwa sababu ni mti wa Mungu. Sasa jina lake ndilo la barabara inayopita mbele ya hekalu ambalo mnasema nisikanyage.

Video siitoi. Ila deni langu ni kwa mathe, si kwa wale wa kanisani. Jana usiku nilimwonyesha yote, mwanzo mpaka mwisho. Akanyamaza sana, kisha akauliza kama ukivua viatu pale vinaibiwa. Nikamwambia kuna mahali pa kuviweka. Akasema Jumamosi hana kazi.