Nani Analipia Joto la Nyumba Zetu?

Anayeomba kibali cha ujenzi katika halmashauri zetu huulizwa mengi, na ni haki aulizwe: hati ya kiwanja, michoro ya usanifu, hesabu za nondo na mihimili, umbali wa ukuta kutoka mpakani, mahali litakapochimbwa shimo la maji taka. Hata pale kanuni zinapogusa ukubwa wa dirisha, hakuna anayetakiwa kuthibitisha kwamba nyumba hiyo italalika bila kiyoyozi. Dola inayohakikisha ukuta hauanguki haijaona sababu ya kumjali anayelala nyuma ya ukuta huo.

Ukimya huu una anayefaidika nao na anayeulipia. Mwenye nyumba akifupisha upenu ili aokoe mabati machache, faida ni yake siku hiyohiyo. Mpangaji ndiye atakayelipia joto kwa LUKU, mwezi baada ya mwezi. Tupige hesabu. Kiyoyozi kidogo kikivuta kilowati moja mfululizo kwa saa nane, kimekula uniti nane kwa usiku mmoja, yaani uniti 240 kwa mwezi. Ukomo wa bei nafuu waliyowekewa watumiaji wadogo ni uniti 75. Pangaboi la wati 60, kwa saa hizohizo, halifikishi hata nusu uniti. Basi nyumba iliyosanifiwa vibaya humwondoa mtu katika nafuu aliyopewa na serikali ileile iliyogonga muhuri kwenye ramani yake. Asiyemudu kiyoyozi hulipa kwa usingizi wake na wa watoto wake.

Maarifa yanayohitajika si mageni. Dar es Salaam iko takriban nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Jua la mchana hupita juu sana, hivyo upenu mpana hulizuia lisiunguze kuta za kaskazini na kusini. Jua la asubuhi na la alasiri huja chini, likapenya moja kwa moja madirisha ya mashariki na magharibi. Kwa hiyo ubavu mrefu wa nyumba, pamoja na madirisha yake makubwa, uelekee kaskazini na kusini. Mpangilio huo hupokea pia pepo zetu mbili kuu, kaskazi na kusi. Waliojenga Mji Mkongwe na Lamu walitumia vichochoro vyembamba vyenye kivuli, kuta nene za mawe ya matumbawe na ua wa katikati. Beda Amuli, alipolisanifu Soko la Kariakoo katika miaka ya 1970, aliliezeka kwa miavuli ya zege inayoruhusu hewa kupita. Sisi tumerithi hayo yote, kisha tunaezeka bati bila dari na kuweka madirisha ya aluminiamu ya kuteleza, ambayo hata yakifunguliwa yote nusu yake hubaki imezibwa.

Kosa huzidi nyumba inapopanuliwa. Tunaujaza ua vyumba vya kupangisha hadi dirisha la chumba cha zamani likatazamana na ukuta wa chumba kipya. Kimeongezwa chumba kimoja, vimenyimwa hewa viwili.

Majirani wameanza kuchukua hatua. Mwaka 2012 Kenya ilitunga kanuni za kuyataka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku yafungiwe mitambo ya jua. Mwaka 2019 Rwanda iliingiza viwango vya chini vya ujenzi wa kijani katika kanuni zake, ikilenga hasa majengo makubwa. Ni mwanzo mwema, lakini nyumba ya vyumba vinne ya Mbagala nayo ina haki ya kufikiriwa.

Nitaambiwa kwamba masharti mapya yatapandisha gharama. Kuugeuza mchoro kabla ya msingi kuchimbwa hakugharimu hata mfuko mmoja wa saruji. Nitaambiwa kiwanja ndicho kinachoamua nyumba ielekee wapi. Ni kweli, na kiwanja hicho kimechorwa na nani kama si wapangaji miji wetu wenyewe? Nitaambiwa wengi hujenga bila kibali. Basi maarifa hayo yafundishwe kwa mafundi vyuoni na yabandikwe kwa Kiswahili chepesi katika kila ofisi ya serikali ya mtaa.

Ninachodai ni masharti manne katika kila kibali, cha nyumba mpya na cha upanuzi: mwelekeo wa jua uoneshwe kwenye mchoro, kila chumba cha kulala kiwe na njia ya hewa kuingia na kutoka, upenu ufunike madirisha, na upanuzi usizibe hewa ya vyumba vilivyopo. Afisa unayesoma makala haya, huhitaji kusubiri semina wala mfadhili ili uanze kuuliza maswali hayo mezani pako. Nawe mwanafunzi wa usanifu, usikubali kuchora nyumba ambayo wewe mwenyewe usingeweza kulala ndani yake mwezi wa Februari, umeme ukiwa umekatika.